Kurasa Nne za Mzee Turudi

Inspekta alifika katika ofisi ya marehemu Alhamisi, saa nne kasoro robo asubuhi, na kabla hajauliza swali lolote alianza kumwagiwa sifa. Karani mkuu alimweleza kwamba marehemu alifanya kazi ya uwakili miaka arobaini na mmoja, hakuwahi kuchelewa mahakamani hata siku moja, na hakuwahi kumpandishia shahidi sauti. Aliyasema yote hayo kama mtu anayesoma orodha ya vifaa vya ghalani, huku akiweka sawa kona za karatasi zilizokuwa sawa tayari.

"Najua," alisema Inspekta. "Aliwahi kunihoji kutwa nzima."

"Kesi ipi, Afande?"

"Ile ya kiwanda kilichoungua. Kila nikidhani tumemaliza, anasema, 'Hebu turudi nyuma kidogo.'"

Karani alitikisa kichwa taratibu. Mahakimu, wafagizi wa korido na hata wafungwa walimwita marehemu Mzee Turudi kwa sababu ya maneno hayo, naye alilijua jina hilo na hakulichukia. Siku ile Inspekta alishindwa kizimbani. Alikuwa ametaja saa mbili tofauti za tukio moja, na yule mzee alimwonyesha kosa lake bila kumcheka. Tangu siku hiyo hajawahi kuandika ripoti bila kuisoma mara tatu.

Mzee Turudi alifariki Jumatano ya wiki iliyopita, ameketi mezani kwake. Daktari alisema ni moyo na hakuna aliyembishia. Kilichomleta Inspekta hapa hakikuwa kifo. Kilikuwa karatasi.

Jumatatu, mwanamke mmoja mfanyakazi wa usafi hospitalini alikuja kituoni akiwa bado amevaa sare yake ya kazi. Kaka yake, fundi bomba, anatumikia kifungo cha maisha kwa kumuua mwenye nyumba wake. Amemaliza miaka ishirini na miwili. Tangu siku ya kwanza alisema kwamba saa ya mauaji alikuwa kwa fundi cherehani akipimwa suruali. Fundi huyo amekwisha kufariki, lakini daftari lake la vipimo lipo, lina jina, kiuno, urefu na tarehe. Majaji wamelitazama mara mbili, na mara mbili wameuliza jambo lile lile: kama shahidi huyo alikuwepo, mbona wakili hakumwita? Kesho saa tatu asubuhi wataketi kwa mara ya tatu, na sheria haitoi ya nne.

Aliyeweza kuwajibu ni wakili mwenyewe, Mzee Turudi. Siku moja kabla ya kufa alimpigia yule dada simu, akamwambia ameandika hati ya kiapo, kurasa nne, ameeleza sababu yote, aje Alhamisi achukue nakala. Dada akaja Alhamisi, akakuta mlango umefungwa na tangazo la msiba limebandikwa. Baada ya mazishi akaambiwa hakuna hati kama hiyo katika jalada.

"Naomba jalada," Inspekta alisema.

Karani alilileta limebebwa kwa mikono miwili. Jalada namba sitini na moja, nene, utepe wake umefifia. Kila ukurasa ulikuwa na namba ya penseli nyekundu pembeni juu, moja hadi mia moja na kumi na nane, hakuna iliyorukwa. Inspekta alilipekua lote kisha akarudi kwenye ukurasa wa orodha, ule unaotaja kila kilichomo. Jalada zima lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Orodha ilikuwa nyeupe pee.

"Hii imechapwa lini?"

"Orodha huchapwa upya ikichakaa, Afande."

"Sikuuliza kwa nini. Nimeuliza lini."

"Hivi karibuni," alisema karani, akatazama saa ya ukutani. "Utaniwia radhi. Kikao ni saa tisa, na hotuba tatu bado hazijachapwa."

Kikao chenyewe kilikuwa kikubwa. Alasiri hiyo majaji wote wangeketi katika chumba cha kwanza cha mahakama kumkumbuka Mzee Turudi, nao mawakili wangesimama mmoja mmoja kumwelezea. Watu wa ofisi hii walikuwa wakikiandaa tangu Jumapili bila kulala vizuri wala kula vizuri, na mwili ukichoka hivyo hata huzuni hufa ganzi. Inspekta hakuona chozi hata moja asubuhi nzima.

Mlinzi wa getini alikuwa amempa jambo moja la kushika. Alhamisi ile, siku moja baada ya kifo, ofisi imefungwa, wakili mdogo aliingia na funguo zake na kutoka na begi jeusi, akitembea upesi upesi.

Wakili mdogo alikuwa na miaka hamsini na miwili na upara uliokamilika, ila aliingia ofisi hii akiwa kijana na jina likamganda. Katika kesi ya fundi bomba aliketi pembeni ya Mzee kama msaidizi. Sasa jina lake lilikuwa limepelekwa juu ili awe jaji. Inspekta alipomkuta alikuwa anakata maneno kwenye hotuba yake.

"Kesi ya fundi bomba ikifufuka kesho, jina lako litatajwa," alisema Inspekta.

"Litatajwa. Nilikuwepo."

"Ungependa isifufuke?"

"Ningependa ife kabisa, dada yangu. Lakini kupenda si kosa la jinai."

"Alhamisi ulichukua nini hapa?"

Kalamu ilisimama. "Nani kakwambia?"

"Begi jeusi. Ulikuwa unakimbia."

"Sikukimbia." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lile hapo. Nyuma ya mlango."

Inspekta alilifungua. Ndani mlikuwa na joho la marehemu, limekunjwa vizuri, wigi lake ndani ya boksi, na stakabadhi ya dobi yenye tarehe ya Alhamisi ile. Leo vingewekwa juu ya kiti chake cha mahakamani. Hapakuwa na karatasi nyingine.

"Sasa kwa nini hukutaka kusema? Ungeniambia toka mwanzo."

"Kwa sababu kabla ya kulipeleka kwa dobi nililivaa," alisema wakili mdogo, shingo imemwiva kwa aibu. "Nikajitazama kwenye kioo cha chooni. Lilinipwaya. Andikeni hilo kama mnataka."

Inspekta hakuliandika. Alimuuliza juu ya kesi, na wakili mdogo akajibu bila kusitasita, kwa kuwa jambo lenyewe lilikuwa limemkaa kichwani miaka yote. Siku ya mwisho daktari wa serikali ndiye aliyekuwa akitoa ushahidi. Wote walitegemea atachukua kutwa. Alimaliza saa tano kasoro, jaji akasema upande wa utetezi uanze. Mzee alimwita fundi cherehani. Askari wa mahakama alitoka akaita jina koridoni mara tatu.

"Kisha?"

"Kimya. Mzee akageuka, akatazama nyuma kabisa ya chumba. Haikuchukua muda. Akamgeukia jaji, akasema utetezi umefunga ushahidi wake."

"Hakuomba kuahirisha?"

"Alikuwa ameshaahirisha mara mbili, jaji alishaonya. Hata hivyo angeeleza sababu, angepewa. Sote tulishangaa."

"Hukumuuliza?"

"Nilimuuliza njiani. Akaniambia tutashinda bila yeye." Wakili mdogo alirudi kwenye hotuba yake. "Hatukushinda."

Chumba cha marehemu kilikuwa mwisho wa korido. Binti yake alikuwa ameketi sakafuni katikati ya vitabu, na daftari dogo mapajani. Yeye ndiye angesema kwa niaba ya familia. Alimkaribisha Inspekta kwa adabu zote, kama alivyokwisha kuwakaribisha watu mia nne wiki hiyo.

"Watu wananichungulia machoni kama nimelia," alisema. "Sijalia. Sijui kimeenda wapi hicho kilio chenyewe. Shikamoo, karibu, asante kwa kuja, basi, hayo tu ndiyo yanayotoka."

"Pole sana. Ulijua habari ya ile hati?"

"Nilijua. Aliniambia anaandika kitu kitakachomchafua. Nikamwambia, baba, unastaafu kesho kutwa, si uache? Akasema kama haitamsaidia yule mtu sasa, haitamsaidia kamwe." Aliinua uso. "Kama unadhani nimeificha mimi, pekua. Pekua kila kitu, anza na mkoba wangu."

Inspekta aliupekua, kwa kuwa ndiyo kazi. Alikuta leso kavu, funguo na dawa za kichwa.

"Hotuba yako inasemaje?"

Binti alisoma bila kubadili sauti. Alisoma juu ya kesi ya wachimba kisima waliofukiwa na udongo, ambayo baba yake aliisimamia miaka sita. Juu ya mashahidi aliowapeleka nyumbani kwa gari lake. Juu ya mwaka alioombwa awe jaji akakataa, kwa madai kwamba kiti cha juu kingemfanya asiwaone watu usoni. Kisha akasoma, "'Baba hakuwahi kumtaja mtu wa ofisi yake kwa ubaya nje ya ofisi. Alikuwa akisema, mtu wangu akikosea, nimekosea mimi.'"

"Rudia hapo mwisho."

Binti alirudia. Inspekta alifunga mkoba, akamshukuru, akatoka.

Alisimama koridoni kidogo akipanga mambo. Wakili mdogo hakuichukua hati, binti hakuichukua, na hakuna mtu wa nje aliyeingia. Mwizi wa kawaida angechomoa kurasa nne, akakimbia, akaacha orodha ya zamani ikimsaliti. Huyu alikaa chini akachapa orodha mpya ili jalada lisipungukiwe kitu. Mtu wa namna hiyo hachukui karatasi ovyo ovyo. Inspekta alirudi kwa karani.

"Karatasi ikitoka kwenye jalada lolote hapa, mnafanya nini?"

"Inaandikwa."

"Wapi?"

"Katika daftari la kutoa."

"Kila mara?"

"Miaka thelathini na minane, Afande."

"Naomba hilo daftari."

Angeweza kusema limepelekwa kwa wakaguzi. Angeweza kusema funguo zimepotea, na Inspekta angepoteza siku nzima kupata kibali. Karani aliinuka, akafungua droo, akaleta daftari na kulifungua mwenyewe pale palipotakiwa. Mstari wa Alhamisi ulikuwa mmoja tu, kwa mwandiko mzuri wa duara: Jalada 61. Namba 119 hadi 122. Hati, kurasa nne. Imetolewa. Imehamishiwa kabati la karani. Mwishoni palikuwa na sahihi yake.

Inspekta aliusoma mara tatu. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kumkuta mtu aliyejiandikia mashtaka kwa mwandiko mzuri kiasi hicho.

"Mzee wangu," alisema, "mwizi gani anaandika daftarini?"

"Mimi si mwizi."

"Basi ungelificha daftari."

"Daftari halifichwi," alisema karani, na alionekana kukasirika kweli kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Alifungua kabati lililokuwa nyuma yake, akatoa jalada jipya lenye kibandiko kilichoandikwa vizuri. Kurasa nne zilikuwa ndani. Inspekta alizisoma kwa kusimama. Marehemu alikuwa ameweka sahihi, lakini pale pa mthibitisha kiapo palikuwa patupu. Alikufa kabla ya kuapishwa. Aya ya tisa ndiyo iliyobeba mzigo. Ilisema: Nilimwambia shahidi aende nyumbani, nikiamini sitamhitaji. Nilidhani nitashinda bila yeye. Kosa ni langu peke yangu.

"Ulitaka leo wamsifu bila doa," alisema Inspekta.

"Hapana."

"Hapana nini?"

Karani aliweka sawa kona za jalada jipya. Inspekta aliketi mbele yake, akaiweka hati mezani kati yao.

"Sikiliza. Mtu aliyemrudisha shahidi nyumbani asubuhi hatamwita mchana. Mzee alimwita. Askari aliita jina mara tatu. Na alipokosekana, Mzee alitazama nyuma ya chumba. Nani hukaa nyuma ya chumba?"

"Makarani," alisema karani.

"Aya ya tisa ni kweli?"

"Nusu."

"Nipe nusu nyingine."

Alimpa, mikono juu ya meza, macho kwenye karatasi. Fundi cherehani alikuja asubuhi na mtoto mchanga mgongoni. Mtoto alilia tangu saa mbili. Askari wa mahakama alikuja kulalamika mara mbili, mara ya pili akatishia kumtoa mama huyo nje kabisa. Daktari wa serikali alikuwa ndio kwanza anaanza, na kila mtu alijua daktari humaliza siku.

"Nikamwonea huruma," alisema karani. "Nikamwambia nenda ukapumzike na mtoto, uje kesho asubuhi. Sikumuuliza Mzee. Alikuwa amesimama mbele ya jaji, sikutaka kumkatiza. Yule mama alikuwa anakaa mbali, mabasi mawili, na simu hana. Kesho yake alikuja mapema. Nikamwambia hahitajiki tena."

"Na Mzee?"

"Angesema neno moja tu, karani wangu amekosea. Jaji angempa siku. Hakusema."

"Jioni alikuambiaje?"

"Hakuniambia lolote. Siku ile wala siku nyingine yoyote. Aliniongezea mshahara mwaka uliofuata kama kawaida."

"Ukaja kuisoma hii."

"Nilikuja kufunga madirisha, siku ya pili ya msiba. Ikawa mezani. Nikasoma." Aligusa pembe ya hati. "Amekufa akinidanganyia, Afande. Angeapa uongo kwa ajili yangu, yeye ambaye hakuwahi kumruhusu shahidi aongeze hata dakika tano. Sikuweza kuiacha. Nikaiondoa. Baada ya hapo sikujua la kufanya."

"Ulijua. Kuna mtu yuko gerezani."

 Hasira ilimpanda Inspekta, na haikushuka eti kwa sababu mzee huyu alikuwa msafi, mwaminifu na mwenye mwandiko mzuri. Aliona afadhali angemkuta mhuni.

"Ungekaa nayo mpaka lini? Mpaka kesho saa nne, wameshamrudisha ndani?"

"Sijui," alisema karani. "Nilikuwa nachapa hotuba."

Inspekta aliisukuma hati kando. "Marehemu hawezi kuapa, na wewe unasema imeandikwa uongo. Basi hii haina kazi tena. Wewe uko hai."

"Kikao kinaanza saa tisa. Nimewekewa nafasi mstari wa mbele."

"Najua."

Karani alisogeza kando hotuba zilizokuwa hazijaisha. Kisha akavuta kibodi, akachapa kichwa cha maombi, namba ya jalada, na chini yake, Mimi, karani wa wakili marehemu, naapa na kusema kama ifuatavyo. Alichapa aya kumi na moja bila kufuta hata herufi. Inspekta alitoka nje kupiga simu hospitalini.

Saa tisa kamili walikuwa katika ofisi ya kamishna wa viapo, nyuma ya chumba cha kwanza cha mahakama. Kamishna alikuwa ameshavaa koti la kwenda kwenye kikao, akalivua kwa kununa. Dada wa mfungwa aliingia akihema, sare yake ina unyevu wa maji ya deki. Karani aliinuka mara moja.

"Karibu, dada. Kaa hapa."

"Asante, baba," alisema dada, akakaa. Alimjua vizuri. Kila mwaka alipokwenda kuulizia kesi ya kaka yake, ndiye aliyempokea.

Kamishna alikuwa mtu wa mambo ya zamani. Hakuwahi kumwapisha mtu kabla hajaisoma hati yake kwa sauti. Karani akasoma. Ukutani, upande wa pili, kipaza sauti kilikuwa kimewashwa, na sauti ya jaji mkuu ilikuwa inapita hafifu, ikitaja mwaka aliozaliwa marehemu, shule, kesi ya kwanza. Karani alisoma juu yake, aya kwa aya: daktari, mtoto, huruma, mabasi mawili, kesho yake. Alipofika mwisho alishusha karatasi.

 Mikono ya dada ilikuwa mapajani, vidole vimekunjamana kwa sabuni.

"Kwa hiyo kaka yangu amekaa ndani kwa sababu mtoto alikuwa analia," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Mama yetu amekufa, kaka akaambiwa gerezani. Mke wake ameolewa kwingine, akaambiwa gerezani. Na mimi nakuja ofisini kwenu kila mwaka, unanipokea vizuri, unaniuliza habari za nyumbani."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unajua."

"Ndiyo," alisema karani. "Nilikuwa najua."

Ng'ambo ya ukuta viti vilisikika vikisogea. Chumba kizima kilikuwa kimesimama kumkumbuka marehemu kwa dakika moja. Kamishna alikohoa. Inspekta alitegemea kelele, au kofi, na alikuwa tayari kugeuka asilione. Dada alimtazama karani kuanzia mvi zake hadi viatu vyake, polepole, kama wanavyotazamwa wagonjwa kule wodini anakopiga deki. Kisha akamgeukia kamishna.

"Mwapishe, baba," alisema. "Mwapishe sasa hivi, na huyu naye asije akanifia kabla ya kesho saa tatu."